Walter White: steringi aligeuka adui sehemu ipi hasa?

Mlango wa Uani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Naomba wanaoijua tamthilia ya Breaking Bad kwa undani wachangie hapa. Ni misimu mitano, sehemu 62, Januari 2008 hadi Septemba 2013. Mwanzoni unamwonea huruma mwalimu wa kemia wa Albuquerque: ametimiza miaka 50, akitoka darasani anaosha magari ya watu, wakiwemo wanafunzi wake, halafu anaambiwa ana saratani ya mapafu, ndipo anaanza kupika dawa za kulevya na Jesse, mwanafunzi wake wa zamani. Kufika msimu wa tano mtu yuleyule unaomba akamatwe hata leo.

Siulizi kama Walter ni mbaya, hilo lilishaisha. Nauliza huruma inakatika wapi hasa, na kwa nini haikatiki mapema ilhali ameua tangu mwanzo. Halafu kwa nini inarudi dakika za mwisho? Tajeni sehemu, msiniambie "alibadilika polepole". Tufupishe hivi: 2/12 ni msimu wa 2, sehemu ya 12. Ambaye hajaitazama aishie hapa, maana humu hakuna kitakachofichwa.

Fundi Remoti

Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Kuwa pamoja na mhusika ni kazi ya kamera: unaingia naye chumbani, unajua anachokijua, unasikia anavyohema. Kuwa upande wake ni hukumu yako wewe. Watunzi wa hii tamthilia wanakubana kwenye la kwanza ili ukawie kufika kwenye la pili.

Chukua 1/3. Krazy-8, muuza dawa, kafungwa shingo kwenye nguzo kwa kufuli la baiskeli, kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Jesse. Walter anaandika orodha ya sababu. Upande wa kumwacha hai zimejaa, upande wa kumuua iko moja tu: ukimwachia ataimaliza familia yako. Anamtengenezea sandwichi, anagundua jamaa hali kingo za mkate, safari inayofuata anazikata. Wanakunywa bia, wanaongea habari za duka la samani la baba yake Krazy-8. Walter anapanda kuchukua ufunguo amfungulie. Ndipo anapotazama kwenye takataka, anaunganisha vipande vya sahani iliyovunjika, na kukuta kimoja kirefu chenye ncha hakipo.

Hesabu kinga alizowekewa: mateka ni hatari kuliko yeye, amesita mno, ana ushahidi, na anapomkaba anaomba msamaha kwa sauti. Emilio, mwenzake Krazy-8 aliyekufa kabla yake kwa gesi ya Walter, alikuwa amemshikia bastola. Mtazamaji gani atamhukumu hapo?

Kwangu mimi mstari uko sehemu mbili tu mbele, 1/5. Elliott Schwartz, rafiki wa zamani waliyeanzisha naye kampuni, anampa kazi na kumwahidi matibabu. Gretchen, mke wa Elliott, naye anapiga simu, anataka kulipia. Walter anakataa, anamrudia Jesse wakapike. Kuanzia hapo neno "familia" ni kisingizio, maana hela ya familia ilikuwa mezani na hakuna aliyemshikia bastola. Wengi hatuoni kwa sababu amepauka, anakohoa, na sherehe ya Elliott imejaa majivuno ya wenye nazo. Kiburi kimevishwa kanzu ya heshima, na sisi tuliolelewa na "bora nilale njaa kuliko kuomba" tunaipigia makofi.

Bi Kizingiti

Fundi, kwenye kamera uko sahihi. Kwenye 1/5 hapana. Kukataa msaada wa watu unaoamini walikula jasho lako si uhalifu, na wakati ule bado anaamini anakufa. Mtu anayekufa tunampunguzia adhabu.

Mimi naweka mwisho wa 2/9. Kumbuka hesabu ya 2/1: dola 737,000, ikijumuisha mkopo wa nyumba, matumizi ya kila siku na chuo cha watoto wawili. Ni lengo lenye mwisho. Sasa 2/9 daktari anatoa majibu: uvimbe umesinyaa kwa asilimia 80. Familia inalia kwa furaha. Walter anaingia msalani, anapiga ngumi kisanduku cha karatasi za kukaushia mikono mpaka kinabonyea. Habari njema imemkasirisha! Kifo ndicho kilikuwa kibali chake, sasa kibali kimefutwa. Sehemu inayofuata anamnywesha mwanawe tequila mbele ya wageni, kisha anawafukuza washindani kwenye maegesho ya duka la vifaa vya ujenzi, waondoke eneo lake. Hapo hakuna mgonjwa tena. Na kisanduku kile kilichobonyea anakutana nacho tena 5/8, anakitazama.

Ila kujua akilini na kuchukia moyoni ni vitu viwili, na ndiyo sababu 2/12 bado watu walimtetea.

Mlango wa Uani

Hiyo 2/12, kifo cha Jane, mpenzi wa Jesse, ndiyo inanichanganya. Mbona mtu anatazama binti akikata roho na bado sikumwacha?

Bi Kizingiti

Itazame upya kwa mpangilio wa vitendo, mkuu. Jane na Jesse wamelala ubavu makusudi, kwa sababu mtumiaji wa heroini akitapika akiwa chali anapaliwa. Walter anamtikisa Jesse aamke. Ule mtikisiko ndio unaomgeuza Jane chali. Yaani si shahidi tu, mkono wake umo. Halafu anapaliwa, Walter anaruka kwenda kumsaidia, anafika, anasimama. Uso unapita mambo matatu: hofu, hesabu, machozi.

Kilichokulinda wewe ni hivi. Kwanza, Jane alikuwa amemtishia ili Jesse apate mgao wake, dola 480,000, kwa hiyo kwenye hadithi ameshawekwa kama tatizo. Pili, tumemwona Jesse akizama naye, ukajiambia "bila yeye kijana atapona". Tatu, moyo wa binadamu unapima kutenda kwa mizani moja na kuacha kutenda kwa mizani nyingine. Watunzi wanajua umemsamehe, ndiyo maana wanakuletea deni: baba yake Jane ni mwongoza ndege, anarudi kazini na msiba kichwani, ndege mbili zinagongana juu ya mji, watu 167. Yule dubu wa waridi tuliyekuwa tukioneshwa bwawani msimu mzima ni wa hapo.

Msomaji wa Vivuli

Wote mnazungumzia alichofanya Walter. Mimi naona kilichovunja huruma ya wengi ni kile kamera ilichotufanyia sisi.

Mpaka msimu wa nne tuna mkataba: anachojua Walter tunakijua. Mke anadanganywa, Hank, shemeji yake anayewinda wauza dawa, anadanganywa, sisi tuko ndani. Kisha 4/12 Brock, mtoto wa mpenzi mpya wa Jesse, anaumwa, Jesse anakuja na bastola kwa Walter akidai ndiye aliyemtilia sumu. Walter anajitetea vizuri kabisa, anamgeuzia kibao Gus, bosi wa dawa waliyekuwa wakimpikia, na sisi tunamwamini. 4/13 Gus analipuliwa, ukumbi mzima unashangilia. Halafu picha ya mwisho kabisa: chungu cha maua meupe uani kwa Walter, na kibandiko chenye jina la mmea wa sumu. Umeshangilia kwanza, ndipo unaletewa bili.

Pale ndipo mtazamaji anapohama kutoka kiti cha mshirika kwenda kiti cha aliyetapeliwa. Sehemu 46 umekaa naye, na siku ya kwanza anakufungia mlango ni siku aliyomwekea mtoto sumu. Nenda 4/12 tena: kabla ya hayo yote Walter kakaa kando ya bwawa, anazungusha bastola mezani. Mara mbili mdomo unamwelekea yeye. Ya tatu unaelekea kwenye chungu. Ilikuwa wazi, ila kutazama mara ya kwanza hakukusaidii.

Baada ya hapo msimu wa tano haukubadilishi, unakuthibitishia tu. 5/5 Todd, msaidizi wao, anampiga risasi mtoto aliyewaona jangwani. 5/6 Walter anasema hajalala kwa ajili ya yule mtoto, Jesse anageuka kidogo na kumsikia anapiga mluzi akiendelea na kazi. Mluzi ule mimi naupima mzito kuliko 5/8, watu 10 waliouawa magerezani kwa agizo lake ndani ya dakika mbili. Wale 10 ni hesabu. Mluzi ni mtu.

Fundi Remoti

Mluzi nakubali. Naongeza taulo: 4/10 Gus anakunja taulo na kupiga magoti juu yake kabla ya kujitapisha. 5/9 Walter, saratani imerudi, anafanya vilevile. Anavaa tabia za watu aliowaua. Wengi wanapitwa kwa sababu zimetengana karibu sehemu 12.

Chumvi Kidogo

Mmesahau kipimo kirahisi zaidi: Skyler. Mwambie mtu yeyote akueleze anavyomwona Skyler, utajua bado yuko upande wa Walter kiasi gani.

Sababu ni ya kiufundi. Skyler anatambua biashara ya mumewe 3/1. Misimu miwili ya kwanza ni 7 na 13, kwa hiyo mtazamaji amemtangulia kwa sehemu 20. Kila akiuliza "ulikuwa wapi?" wewe unajua jibu na unataka kazi iendelee, basi mwanamke anayeuliza swali la haki anaonekana kero. Na 2/1, pale jikoni, anamlazimisha mkewe dhidi ya friji hadi barakoa ya uso inabaki imepakaa mlangoni. Ni wangapi wanaitaja wakiorodhesha maovu yake? Chuki ilivuka hadi kwa mwigizaji mwenyewe, Anna Gunn akaandika kulihusu kwenye New York Times mwaka 2013.

Ukirudia tamthilia ukimfuata Skyler, huruma kwa Walter haifiki hata msimu wa tatu.

Mlango wa Uani

Asanteni, hii imenikaa. Bado la mwisho: 5/16. Kwa nini nilimlilia?

Msomaji wa Vivuli

Kwa sababu vifaa vya msimu wa kwanza vimerudishwa vyote. Adui mbaya kuliko yeye: genge la Jack, lililomwua Hank na kumfunga Jesse minyororo apike. Ufundi: bunduki ya rashasha ndani ya buti, inayofyatuliwa kwa kibonyezo cha funguo za gari. Mwili mgonjwa. Na kipya kimoja, ambacho hakuwahi kutupa: anakiri kwa Skyler kwamba aliyafanya kwa ajili yake mwenyewe, kwa kuwa aliyapenda na aliyaweza. Uongo wa "familia" ndio uliotuchosha, ukiondoka tunapumua, tukidhani tumemsamehe.

Lakini angalia mapipa. Pesa zilikuwa kama dola milioni 80 kwenye mapipa saba. Jack anamwachia moja, na kinachofika mwisho ni milioni 9.72, anazompelekea nani? Elliott na Gretchen, ili wampe mwanawe kama hisani yao. Watu walewale wa 1/5. Fundi, hapa nakupa pointi moja.

Bi Kizingiti

Msiache simu ya 5/14. Walter anampigia Skyler akimtukana vibaya sana, anajua polisi wanasikiliza. Wapo waliochukua matusi yale kama ukweli wakafurahi, na wapo waliosema ni maigizo ya kumtoa mkewe hatiani. Ni yote mawili: maneno yanamsafisha Skyler kisheria, ila ghadhabu ni yake kweli, huku machozi yanamtoka. Kisha anamwacha kichanga Holly, binti yao, kituo cha zimamoto. Ukiweza kubeba yote mawili kwa wakati mmoja, umemwelewa.

Kalamu ya Mbao

Kwa wanaoandika tamthilia huku kwetu, chukueni mbinu, msichukue kofia ya Walter. Mhusika apewe mlango wa kutokea mapema aukatae, tena bila kulazimishwa. Kila kosa likigharimu, gharama imwangukie mtu mwingine kwanza. Na chumbani awepo mbaya kuliko yeye mpaka karibu na mwisho. Tunapokosea ni hapa: mwema anageuka katili ndani ya sehemu moja, muziki ukipanda, halafu anatubu kitandani hospitali na kila mtu anamsamehe. Mtazamaji wa kibanda umiza hana shida na steringi mbaya. Shida yake ni steringi asiye na sababu.

Mlango wa Uani

Nikitaka kurudia bila kutazama zote 62?

Fundi Remoti

1/3, 1/5, 2/9, 2/12, 4/12, 4/13, 5/6, 5/14, 5/16. Kama saa saba hivi. 2/12 itazame mara mbili, ya pili bila sauti, ukiangalia mikono ya Walter peke yake.

Chumvi Kidogo

Ongeza 2/1. Ile ya jikoni.