Binti ana Divisheni I ya NECTA, anakataa chuo kikubwa anataka cha "Divisheni III". Nimshauri vipi?

Mzee wa Isyonje – 14 Aprili 2024, saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mkulima wa viazi, Isyonje, huku juu ukishapita Uyole kwenda Tukuyu. Kuandika si fani yangu, mnivumilie nikizunguka.

Nina binti, wa tatu kuzaliwa. Alimaliza kidato cha sita mwaka jana, PCB, yaani kombi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, akapata Divisheni I, daraja la juu kabisa la mtihani wa taifa. Huyu mtoto anakimbia. Hakufundishwa na mtu, shule ya msingi ilikuwa mbali na huku kwetu tambarare hakuna, ni kupanda au kushuka. Sekondari akaingia UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, akanogewa. Mita 5,000 amewahi kuzimaliza kwa dakika 16 na sekunde 52. Wanaojua wananiambia ni muda mzuri, hasa ukikumbuka huku hewa ni nyepesi.

Mwalimu wake mmoja akamwelekeza jinsi ya kuwaandikia makocha wa Marekani. Akatuma video na matokeo yake. Mimi nilichukulia kama mchezo wa watoto na simu. Sasa vyuo viwili vimemkubali.

Cha kwanza ni chuo kikuu chenye wanafunzi 30,000 na ushee. Wanamlipia ada, chumba, chakula na vitabu, kwa sababu ya mbio. Cha pili ni kichuo cha wanafunzi 1,850, kimezungukwa na mashamba ya mahindi, na hao kwa ajili ya mbio hawatoi hata senti. Wanasema wanaangalia uwezo wa mzazi. Walinijazisha mafomu mpaka mapato ya viazi nikayaandika, gunia kwa gunia. Bei yao inazidi dola 80,000 kwa mwaka. Kwa dola ya leo ni zaidi ya milioni 200, nilicheka mpaka mama watoto akatoka jikoni. Lakini barua ilipokuja, wamekata na kukata mpaka kwangu zimebaki dola 2,000. Hiyo ni milioni tano na kitu, magunia zaidi ya 70 kwa bei ya shambani, na kama mnunuzi analazimisha lumbesa ni zaidi ya hapo.

Sasa mtoto anataka hicho kidogo. Yaani aache cha bure achukue cha magunia 70.

Na yapo mawili yananikera. Kwanza wanakiita chuo cha "sanaa huria". Sanaa! Mtu wa PCB? Pili, kwenye michezo kipo "Divisheni III". Jamani, kwetu sisi Divisheni III ni yale matokeo unayoyasoma mwenyewe kwenye simu halafu unawaambia ndugu mtandao unasumbua.

Wanataka jibu kabla ya tarehe 1 Mei. Nimkatalie?

Dalali wa Kabwe – saa 2:31 usiku

Mzee cha bure kipo na bado unauliza? Funga begi. Halafu viazi vimesimamaje huko juu, nije na fuso wiki hii au barabara ya ndani bado tope?

Filimbi ya Kocha – saa 3:05 usiku

Mzee wangu, mimi nafundisha riadha shuleni hapa Njombe, mwaka wa 11 huu. Nitasema kama kocha. Mkimbiaji anakua kwa kukimbizwa na wanaomzidi. Suleiman Nyambui alitoka hapa nchini akaenda chuo kikuu cha Texas pale El Paso, Divisheni I, akakutana na majabali kila wiki. Mwaka 1980 kule Moscow akachukua medali ya fedha ya mita 5,000. Unadhani angekuwa kwenye kichuo cha watu 1,850 angepata wa kumsukuma?

Chuo kikubwa kina madaktari wa misuli, uwanja wa ndani, makocha watatu watatu. Huku kwetu watoto wanakimbia na raba za mtumba. Mpe nafasi. Muda wa 16:52 kwenye mwinuko wetu usiupeleke kwenye ligi ya mchangani.

Binti Mkimbizi – saa 4:20 usiku

Shikamoo mzee.

Nimezaliwa Mkimbizi, Iringa. Ni jina la mtaa, msinicheke, nimeshachekwa vya kutosha na watu wenye filimbi. Nilikimbia miaka minne kwenye chuo cha namna hiyohiyo, Minnesota, 2012 hadi 2016. Sasa hivi nafundisha Baiolojia sekondari. Jina la chuo nabaki nalo, ila nitakueleza nilichokiona.

Nianze na hizo Divisheni maana ndizo zinakunyima usingizi. Hazina uhusiano wowote na akili wala na NECTA. Ni mpangilio wa michezo ya vyuo tu. Divisheni I na II wanaruhusiwa kulipa mwanafunzi kwa sababu ya mchezo. Divisheni III hawaruhusiwi kabisa, wakitoa msaada ni kwa hali ya kifedha au kwa masomo, na uchezaji hautakiwi kuingia kwenye hesabu. MIT unaisikia? Ile ya wahandisi? Ipo Divisheni III. Amherst, Williams, Haverford, Carleton, vyote Divisheni III, na kuingia humo ni shughuli pevu kuliko kupanda mlima Loleza kwa magoti.

"Sanaa huria" nayo isikutishe. Ni jina la zamani. Fizikia ipo, kemia ipo, hesabu ipo. Tofauti ni kwamba hufungiwi kwenye kombi. Unaonja huku na kule, na mpaka mwisho wa mwaka wa pili ndiyo unatangaza unabobea wapi. Mimi niliingia na PCB yangu nimeishikilia kama kitambulisho cha kura, mwaka wa kwanza nikasoma historia ya Afrika. Ndiyo, nilienda kujifunza Wahehe na Wajerumani kule kwenye theluji.

Sasa pesa, maana hapo ndipo binti yako kakuzidi hesabu, mzee, samahani kusema hivyo.

Mwaka wa pili, mwezi wa kumi, nilianza kusikia maumivu kwenye muundi, mguu wa kushoto. Nikakaza. Sisi tumelelewa kukaza. Wiki ya tatu nikawa nashuka ngazi za bweni kinyumenyume kwa sababu kushuka kawaida kunauma. Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu, ikabidi kipimo kikubwa, ndipo ukaonekana ufa kwenye mfupa, mwembamba kama unywele. Daktari akasema wiki nane hakuna kukimbia, zikageuka miezi mitano kwa ujinga wangu wa kurudi mapema.

Mimi kichwani nilishajua: nimetumwa kukimbia, sikimbii, narudishwa. Nilikaa na hilo wazo siku nne, chakula hakishuki. Siku ya tano nikaenda ofisi ya misaada ya ada na magongo yangu. Kuna mama pale, mtu mzima, ana kikombe cha chai cha picha ya paka. Nikamweleza kwa Kiingereza kilichovunjika kuliko mguu. Akafungua faili langu, akaligeuza kwenye kompyuta nione. Mapato ya baba, idadi ya wadogo zangu, matokeo ya darasani. Akaniuliza, "Unaona mahali popote pameandikwa mguu?" Sikuona. Nilitoka pale nikalia kwenye korido mpaka mfagizi akaniletea karatasi za kujifutia.

Kijana mmoja wa Kenya niliyekutana naye uwanja wa ndege wa Amsterdam, tukawa marafiki, yeye alikuwa chuo kikubwa. Goti likamsumbua, katikati ya hapo kocha aliyemleta akahama, kocha mpya akaja na watu wake. Udhamini wake ulikuwa wa kuhuishwa kila mwaka. Haukuhuishwa. Sisemi kila chuo kikubwa kilikuwa hivyo, vingine vilikuwa na kanuni kabisa za kumlinda aliyeumia. Nasema kaisome barua ya binti yako, tafuta ni ya mwaka mmoja au minne, na waulize kwa maandishi: akiumia, inakuwaje?

Halafu kuna jambo la kocha Filimbi, kwamba chuo kikubwa kina pesa. Mpaka mwaka huu wa 2024 kanuni za Divisheni I zinaruhusu nafasi 18 za udhamini kwa riadha yote ya wanawake, na 12.6 kwa wanaume. Hizo ni za wakimbiaji wafupi, warefu, warukaji, warusha tufe na mkuki, wote. Zinakatwakatwa kama keki ya kipaimara. Aliyepewa nzima, kama binti yako, ujue anatarajiwa alipe kwa pointi. Kila Jumamosi.

Kwetu mbio za nyika za wanawake zilikuwa kilomita 6. Wanakimbia saba, wanahesabiwa watano wa mwanzo, nafasi zao zinajumlishwa na timu yenye jumla ndogo inashinda. Kwa hiyo wa tano wenu ni lulu kuliko wa kwanza. Mbio yangu ya kwanza nilitoka kwa kasi ya UMISSETA, kilomita ya kwanza niko mbele ya wote nasikia raha, kilomita ya nne wananipita mmoja mmoja wananiambia "kazi nzuri". Nilidhani wananidhihaki! Kumbe ndiyo desturi yao. Siku nyingine niliyokuwa wa tano, nikampita msichana mmoja mita kumi kabla ya utepe, tukashinda kwa pointi moja. Ile pointi ilikuwa yangu. Mpaka leo nikifua ile fulana naikumbuka.

Na maabara. Mtu wa sayansi maabara zake ni mchana, saa za mazoezi. Nilikuwa nachelewa kila Jumanne. Kocha alikuwa ananisubiri saa 12 jioni, taa zimewashwa, yeye peke yake na saa yake mkononi na kofia imefunika masikio. Mwalimu wangu wa kemia alikuja kunitazama nikikimbia, akaja na mbwa. Mahali penye watu 30,000 sijui kama mwalimu wa kemia anakujua jina.

Usinielewe vibaya, kuna shida. Januari baridi inashuka nyuzi 20 chini ya sifuri, kope zinaganda. Njombe ya Juni ni utani. Mji mdogo, jioni hakuna pa kwenda, na katika timu yetu mweusi nilikuwa peke yangu miaka miwili. Ugali nilipika kwa unga wa mahindi wa Wameksiko, ukatoka wa njano na unanata kama gundi.

Jingine, kama ana ndoto ya udaktari: kule udaktari hausomwi moja kwa moja, ni shahada kwanza miaka minne, kisha chuo cha tiba miaka minne mingine, na vinavyopokea wageni ni vichache. Hilo ni sawa kwa vyuo vyote viwili, ila alijue kabla hajapanda ndege.

Filimbi ya Kocha – saa 4:48 usiku

Dada nimekusoma mpaka mwisho na la mguu limenigusa, nina vijana wawili yaliwakuta. Lakini hujanijibu. Akitaka kuwa wa dunia, je?

Binti Mkimbizi – saa 5:02 usiku

Kocha, akitaka kuishi kwa mbio tu, nakubaliana na wewe, aende kikubwa. Silipingi.

Ila usiseme ligi ya mchangani. Mwaka 1997 Karl Paranya wa Haverford, kichuo kidogo kabisa, alikimbia maili chini ya dakika 4, wa kwanza kwenye Divisheni III.  Na swali lako tumuulize mwenye miguu. Mzee, umeshamuuliza binti anataka kuwa nani?

Dalali wa Kabwe – saa 5:15 usiku

Kope kuganda?? Mtoto asiende popote 😂

Mzee wa Isyonje – 16 Aprili 2024, saa 1:40 usiku

Marahaba binti wa Mkimbizi, na asante kocha. Nilikawia, umeme ulikatika na simu ikazima.

Nimeitafuta ile barua ya chuo kikubwa. Nilikuwa nimesoma mwanzo tu, pale penye hongera. Ukurasa wa pili imeandikwa ni ya mwaka mmoja. Tumeviandikia vyote viwili jana kuuliza akiumia inakuwaje, kikubwa bado hakijajibu. Kile kidogo kimejibu usiku uleule, na kocha wao akauliza kwetu mvua ikinyesha mtoto anakimbilia wapi.

Nikamuuliza binti kama ulivyosema. Tulikuwa tunachagua mbegu, hakuinua macho. Akasema, "Baba, mimi nataka kusoma udongo. Nijue kwa nini viazi vya shamba la chini vinaoza na vya juu haviozi." Nikamwambia mbio je? Akasema mbio atakimbia hata nisipomlipia, wala hata asipolipwa.

Shamba la chini limenitesa miaka sita na sikuwahi kumwambia mtu nyumbani.

Leo asubuhi nimeamka naye saa 11, ukungu umeshuka huoni hata mlango wa jirani. Nimesimama na tochi pale njia panda ya Kitulo, kapotea kwenye ukungu, nimesikia tu viatu vinarudi kabla sijamwona.

Magunia nitayatafuta. Dalali, njoo na fuso Alhamisi, lakini lumbesa hapana, mwaka huu nina hesabu zangu. Na wewe binti yangu, hayo makoti ya theluji, ananunua huku mtumba Mwanjelwa au akifika kule?

Binti Mkimbizi – saa 2:05 usiku

Kule, mzee. La mtumba wetu abebe moja la kushukia kwenye ndege. Soksi za sufu mnunulie huku, nyingi.