Tupeane uzoefu: maji yakiingia ndani usiku, unaanza kuokoa nini?

Mkaa Bondeni: TMA, watu wa hali ya hewa, wametoa tahadhari ya mvua kubwa, leo nimemwona jirani anapandisha kochi juu ya matofali. Nikakumbuka mafuriko ya Dar, Desemba 2011. Wa Jangwani, Kigogo na Mchikichini mnanielewa. Mwenzangu unajiandaaje?

Mama Pacha: Vyeti! Vyangu viko kwenye nailoni, ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko. Ikichukuliwa na maji, inaelea.

Kigogo Asili: 2011 kwetu maji hayakupitia mlangoni, yalianzia chooni. Chemba ilizidiwa, tundu likaanza kutapika maji meusi. Kuja kushtuka, mlango hausukumiki, nje yameshajaa, na madirisha yote yana nondo. Mzee akapasua silingi bodi, tukatokea juu ya bati. Shida ikawa bibi, hawezi kupanda. Jirani muuza barafu akaja analivuta friza lake kwa kamba, kang'oa mfuniko, akavunja nondo kwa mtaimbo. Bibi akawekwa humo na redio yake, akakokotwa hadi barabarani huku anapiga kelele: "Msinifunike!"

Dogo wa Feri: 😂😂 Msinifunike!

Injinia Uchwara: Chai hiyo. Friza lina mota, litaelea vipi?

Kigogo Asili: Kuta zake zimejaa povu, mkuu. Bibi ni wangu, wewe bisha tu.

Mpenda Sheria: Baada ya mafuriko yale watu wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, nje kidogo ya mji, wengine wakauza wakarudi. Leo mnataka huruma?

Dogo wa Feri: Nauli ya kutoka Mabwepande kuwahi mnada wa samaki alfajiri utanilipia wewe?

Mama Pacha: Jamani turudi kwenye mada. Choo kizibwe kwa kiroba cha mchanga mapema.

Injinia Uchwara: Halafu mjisaidie wapi?

Mama Pacha: Kwako.

Mtu wa Mafia: Huku kisiwani maji si hoja, ni upepo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kinakuja, boti za Zanzibar zimesitishwa, mjomba akalifunga bati kwa kamba ya nanga. Majirani wakamcheka. Asubuhi waliomcheka wakawa wanaokota mabati yao minazini.

Fundi Umeme: Zimeni meni swichi maji yakiwa bado nje. Yakishafika kwenye soketi, usiyakanyage kuifuata swichi.

Kigogo Asili: Sisi tulizima tukabaki tunakanyagana gizani. Tochi kwanza, fundi.

Fundi Umeme: Tochi ununue kiangazi, kaka.

Mama Pacha: Na madumu mjaze kabla. Mafuriko yakipita, maji ya kisima yameshachanganyika na ya vyoo. Chemsheni hata ya kupigia mswaki, kipindupindu hakina salamu.

Dogo wa Feri: Friza lilirudi kuuza barafu?

Kigogo Asili: Lilirudi, ila mtaa mzima tulijua nani kalala humo. Hatukununua.

Fundi Umeme: Zimamoto ni 114. Iandikeni ukutani, simu huzima chaji.

Injinia Uchwara: Ukutani maji yanafika. Andikeni darini.