Mrejesho: Provins kwa siku moja kutoka Paris

Niliomba ushauri kuhusu mji wa kale wa Ufaransa ambao mtu asiye na gari anaweza kwenda kutoka Paris na kurudi siku hiyohiyo, nanyi mkanielekeza Provins, mji uliotajirika kwa magulio ya Zama za Kati ya eneo la Champagne na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Nashukuru, nimekwenda. Treni ya laini P kutoka stesheni ya Gare de l'Est ya Paris huchukua takriban saa moja na nusu. Kutoka stesheni hadi mji wa juu ni kupanda mlima, hivyo viatu vya kisigino viachwe hotelini. Ngazi za Mnara wa César, uliojengwa karne ya 12, ni nyembamba kiasi kwamba anayepanda humpisha anayeshuka. Hata hivyo, kwangu mimi, kuta za mji zinaushinda mnara huo.