Naombeni ushauri: monstera yangu haitoi majani yenye matundu

Habari zenu ndugu zangu. Niko Tanga, Chumbageni. Nina monstera, ule mmea wa mapambo ambao majani yake makubwa huwa na matundu, niliyopewa na shangazi ikiwa kipande chenye majani mawili, sasa ni mwaka na nusu. Ninaipenda mno, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Majani mapya yanatoka madogo, mazima, bila tundu wala mpasuko. Shina limerefuka, limeegemea upande wa dirisha, na jani na jani yameachana mbali. Ipo sebuleni, kama mita 3 kutoka dirishani. Najua asili yake ni misitu ya Meksiko hadi Panama, ambako hupanda miti mikubwa kufuata mwanga, kwa hiyo nashuku giza. Lakini jua la huku la saa saba naliogopa. Niliitoa monstera barazani siku moja tu, jani moja likaungua likawa kahawia.

Jambo la pili ni maji. Nilikuwa namwagilia kila siku, majani ya chini yakaanza kuwa ya manjano. Sasa nasubiri udongo wa juu ukauke hadi nikichovya kidole usinishike, na manjano yamepungua. Ila maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Je, nikinge ya mvua?

Tena imetoa mizizi ya hewani mirefu. Nataka kuisimamishia mti niliouzungushia makumbi ya nazi na kuyafunga kwa kamba ya katani. Aliyewahi kufanya hivyo, makumbi aliyaloweka kwanza? Na shina hili lililorefuka nilikate, au niliache lipande?