Kupunguza uzito wa triga ya bunduki ya kuwindia kwa usalama: tupeane uzoefu

Mwindaji wa Rungwa
Wakuu, salaam. Msimu wa uwindaji uko mlangoni na simu zimeshaanza: "Kaka, triga yangu ngumu, nipunguzie." Triga ni kile kichuma cha kufyatulia, na uzito wake ni nguvu inayohitajika kukivuta. Nafungua uzi huu kwa sababu ninayoyasikia yananitia hofu. Mtu anafungua bunduki sebuleni, anazungusha skrubu hadi kidole kikigusa tu inalia, kisha anaiita triga nzuri.

Msimamo wangu nautoa mapema: triga nzuri ni triga safi, hata kama ina uzito. Ukivuta isikwaruze wala isitembee, ifyatuke pale pale ulipotarajia. Kwa swala na kongoni naridhika na pauni 3 hadi 3.5, yaani kama kilo 1.5. Kwa nyati sishuki chini ya pauni 4, kilo 1.8 hivi. Nyati aliyejeruhiwa akiingia kichakani, moyo unakwenda mbio na kidole kinapoteza hisia. Na mbele yako wapo wafuata nyayo.

Nilimwongoza mgeni mmoja mwenye bunduki ya Ulaya yenye triga ya kutega. Unaisukuma mbele, inabaki ikisubiri mguso mdogo tu. Aliitega tukiwa kwenye fimbo za kuegemea, dume likageuka, mgeni akainua bunduki ahamie upande wa pili. Ikalia. Risasi ilirusha vumbi hatua chache kutoka mguu wa kijana wangu. Tangu siku ile, kwenye kambi yangu hakuna kutega triga mbele ya nyati, awe mgeni wa hadhi gani.

Karibuni, hasa mafundi.

Fundi Arusha
Asante mkuu kwa mada. Bunduki nyingi ninazoletewa kwa "triga ngumu" hazihitaji skrubu kuguswa. Ni uchafu. Watu wanapulizia mafuta ndani mwaka baada ya mwaka, yanakamata vumbi, yanaganda. Karibuni nilivua kitako cha bunduki moja ya .375 nikakuta triga imevaa utando wa kahawia kama masizi ya jiko la mafuta. Niliosha kwa petroli ya viberiti (lighter fluid), nikapuliza hewa, nikaiacha kavu. Mwenyewe alipovuta akauliza nimepunguza pauni ngapi. Sikupunguza kitu.

Zile zenye skrubu, kwa kawaida moja ni ya springi ya uzito, nyingine ya mshiko wa vichuma vinavyozuia pini inayogonga risasi, nyingine ya mwendo wa triga baada ya kufyatuka. Asiye fundi akae mbali na ile ya mshiko. Vichuma vikishikana kidogo mno, kishindo tu kinaviachanisha. Na tupa msiiguse kabisa! Ugumu wa vile vichuma mara nyingi uko juu juu; ukikwangua unabaki na chuma laini kinachoendelea kulika kila unapopiga.

Kabla ya kuanza, risasi zinakwenda chumba kingine. Nachungulia chemba, pale risasi inapokaa, kisha naingiza kidole, maana macho hudanganya. Nikimaliza kurekebisha, bunduki ikiwa bado tupu, nakoki na kufunga bolti kwa nguvu mara nyingi. Naweka sefti (kizuizi cha usalama), navuta triga, naachia, kisha natoa sefti bila kugusa triga. Nagonga kitako juu ya mkeka wa mpira. Pini ikianguka hata mara moja, bunduki haitoki dukani. Ikipita, natia tone la rangi ya kucha kwenye skrubu. Likipasuka najua kuna aliyeigusa.

Mpwani Montana
Mimi huku Marekani nawinda kulungu mwezi wa Novemba, baridi kali, glovu nene. Triga iliyo tamu mezani wakati wa kiangazi inakuwa hatari ukiwa na vidole vilivyokufa ganzi. Ndiyo maana naipima nikiwa nimevaa glovu.

Wanaonunua bunduki iliyotumika wachunguze pia namba yake. Aprili 2014 kampuni ya Remington ilitangaza kurudishwa kiwandani kwa bunduki za Model 700 na Model Seven zenye triga ya X-Mark Pro zilizotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014, kwa sababu gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha ingeweza kuzifanya zifyatuke zenyewe. Kabla sijalipia yangu, niliitazama namba kwanza.

Mzee wa Maliasili
Wanangu, nimekuwa askari wanyamapori hadi kustaafu. Wengi wanaolaumu triga wanaogopa teke la bunduki begani. Alikuja mmoja na bunduki kubwa ya .416, akipiga chini ya shabaha kila mara, akashikilia kwamba triga ni nzito. Nikampakilia mwenyewe magazini, risasi bandia katikati ya zile halisi, bila kumwambia ipo wapi. Alipoifikia, mtutu ulizama kiganja kizima na bega likaruka, ilhali hakuna kilicholia. Alijiona mwenyewe, hakubisha. Tukamrudisha kwenye bunduki ndogo ya .22, na kuvuta triga taratibu bunduki ikiwa tupu, kila jioni. Ile .416 hatukuifungua.

Kijana wa Mlele
Shikamoo mzee. Fundi, mtu asiye na kipimo maalumu anajuaje triga yake ina pauni ngapi?

Fundi Arusha
Mizani ya springi yenye ndoano, ile ya wauza samaki, lakini chagua ndogo ya kilo 5, kubwa haisomi vizuri. Bunduki tupu, imekokiwa, sefti imetolewa. Ndoano ikae katikati ya triga, uvute kurudi nyuma sambamba na mtutu, polepole, mwenzako asome. Rudia mara kadhaa. Vipimo vikikaribiana, chukua wastani. Vikiruka, leo kilo 1.2, mara kilo 2, usiguse skrubu yoyote: kuna uchafu au kichuma kimelika. Ipeleke kwa fundi mwenye leseni, na kitabu cha umiliki usikisahau nyumbani.