WP_Query, get_posts au jedwali langu mwenyewe: ipi inafaa orodha ya bei za dagaa?

MkaziWaIgoma
Wakuu heshima kwenu. Natengeneza tovuti ya kikundi cha wauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Mzigo ukishuka, karani anaingiza dagaa wametoka kisiwa gani, wameanikwa kwenye chanja au mchangani, magunia mangapi, bei. Mnunuzi aliyeko Dar au Lubumbashi afungue simu aone orodha, bei ya chini ikitangulia. Natumia WordPress, nimesajili aina yangu ya chapisho, "mzigo". Bei na kisiwa vinakaa kwenye sehemu za ziada, yaani wp_postmeta. Rekodi zimefika kama 2,000.

Nilipofika, kwa njia tatu za WordPress za kuvuta machapisho:
query_posts (nimeikuta kwenye somo la zamani): orodha inatoka, lakini ukurasa wa pili unaleta mizigo ileile ya wa kwanza.
get_posts: kodi (code) fupi, ila inatoa mizigo mitano tu. Mitano!
WP_Query: inatoa vizuri, lakini mzigo wa 12000 unakaa juu ya wa 9000.

Nimechoka, nataka nijenge jedwali langu ndani ya MySQL niandike lupu yangu (ya kupitia rekodi moja moja). Mnashaurije?

BintiNyegezi
query_posts itupe ziwani, kaka. Inafuta kwiri (ombi kwa hifadhidata) kuu ya ukurasa na kuweka yake, wakati ile kuu imeshaenda kwenye hifadhidata na kurudi. Umelipa nauli mara mbili, na hesabu ya kurasa ndiyo imevurugika hapo. Ukitaka kubadilisha orodha kuu yenyewe, tumia pre_get_posts (ndoano ya WordPress ya kurekebisha kwiri) kabla kwiri haijaondoka. Ukitaka orodha ya pembeni, WP_Query mpya.

Sangara_Mkavu
Mitano ndiyo kawaida ya get_posts usipoiambia idadi. Weka numberposts. Ila usiweke -1 (yaani zote) na rekodi 2,000 kwenye hosti ya bei poa, utakuja kulia hapa.

MzeeWaKamanga
Hiyo ya 12000 haina uchawi. meta_value ni safu ya maandishi, kwa hiyo MySQL inapanga kama kamusi: "1" iko kabla ya "9", basi. Mwambie apange kama namba:

```
$mizigo = new WP_Query( array(
  'post_type'      => 'mzigo',
  'posts_per_page' => 40,
  'paged'          => max( 1, get_query_var( 'paged' ) ),
  'meta_key'       => 'bei',
  'orderby'        => 'meta_value_num',
  'order'          => 'ASC',
) );
while ( $mizigo->have_posts() ) {
  $mizigo->the_post();
  the_title( '<li>', '</li>' );
}
wp_reset_postdata();
```

Mstari wa mwisho usiusahau, la sivyo kichwa cha habari kule chini ya ukurasa kitakuwa cha mzigo wa mwisho. Na ujue: ukiweka meta_key, mzigo ambao haujajazwa bei hautoki kabisa. Karani atakwambia tovuti imekula magunia yake.

Dada_Nansio
Mimi nitasimama na jedwali lake. Swali la kwanza la mnunuzi ni bei ya leo, la pili ni wiki jana ilikuwaje. Kwenye postmeta, karani akibadilisha bei, ya jana imekufa. Jedwali lenye mzigo_id, tarehe, bei kama INT, na faharasa (index) juu ya bei, linakupa historia na linapanga haraka. meta_value haina faharasa yake, kwa hiyo kila ukipanga kwa bei MySQL inapekua.

BintiNyegezi
Dada, na fomu ya karani nani ataijenga? Kuhariri, kufuta, kutafuta, viungo vya kila mzigo, vyote WordPress inakupa bure. Kwa rekodi 2,000 hiyo kasi hataiona hata kwa darubini.

Dada_Nansio
Kasi nakuachia. Historia je?

BintiNyegezi
Hapo umenibana 😅

MzeeWaKamanga
Changanyeni basi. Mzigo ubaki chapisho, bei iende jedwali la pembeni. Ila mkuu wa Igoma, usije ukaweka kwiri ya bei ndani ya lupu. Mizigo 40 ni safari 41 kwenda kwenye hifadhidata, sawa na kuvuka na kivuko mara arobaini kuleta samaki mmoja mmoja. Kusanya ID zote, chukua bei kwa kwiri moja yenye IN (orodha ya ID), au JOIN (kuunganisha majedwali mawili). $wpdb->prepare kwenye kila thamani inayotoka kwa mtumiaji, na esc_html wakati wa kuonyesha, asije mtu akapenyeza amri zake.

MkaziWaIgoma
Wabeja sana wote. Nimeanza na kodi ya Mzee, kurasa zinafunguka. Lakini sasa kuna mzigo wa Ukara umepanda juu sana, juu hata ya wa 9000, na bei yake nikiufungua ni 12,000. Nimeangalia mara tatu.

Sangara_Mkavu
Umeandika na mkato?

MkaziWaIgoma
Karani kaandika na mkato, ndiyo.

Sangara_Mkavu
Basi MySQL imesoma mpaka kwenye mkato ikaishia hapo. Kwake huo mzigo ni shilingi 12. Aliyeandika "Tsh 9000" ni bure kabisa.

Dada_Nansio
Na mimi nikiri, jedwali langu lisingemwokoa. Ukipitisha "12,000" kwenye %d (nafasi ya namba kamili ndani ya prepare), PHP nayo inakata palepale, inaingia 12. Safisha mlangoni kabla ya kuhifadhi, futa kila kisicho tarakimu: preg_replace( '/\D/', '', $bei ).

BintiNyegezi
Na aliyeandika 9,000.00?

Dada_Nansio
Eee. Inakuwa laki tisa.

MkaziWaIgoma
Naenda Mwaloni kesho asubuhi kukaa na karani. Jedwali la bei nitalijenga kama mlivyosema, ila kwenye fomu naweka type="number" step="1" (ipokee namba kamili tu) kwanza, na upande wa seva nakataa chochote chenye nukta. Zile 2,000 za zamani nazipitia moja moja jioni, nimeshaona tatu zimeandikwa "maelewano".