Yule mtu na glavu yake wamenitoa kwenye mchujo, halafu akanipa mkono

Wakuu, nipo garini. Viatu vya gofu bado viko miguuni na injini sijawasha maana mikono inatetemeka. Simtaji jina, na hakuna haja, wote mnamjua. Ukishacheza michujo miwili mitatu ya kuingia gofu ya kulipwa lazima upangwe naye kundi moja. Kama bado hujapangwa naye, tulia, zamu yako inakuja.

Siku nne. Mashimo 72. Miezi ya kuamka gizani kwenda kupiga mipira mpaka malengelenge yanaota juu ya malengelenge. Leo nafika shimo la 17 niko juu ya mstari wa kufuzu kabisa, yaani pari mbili tu (pari ni mikwaju iliyopangiwa shimo) nimevuka hatua. Nimeingia griini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, kwa mikwaju mitatu, nimebakiza futi nne za kuokoa pari. Futi nne, jamani. Ni mtoto wa darasa la kwanza akilala chini.

Nimeusoma mstari wa mpira kwenda shimoni. Unakatika kidogo kwenda kushoto, kwa hiyo nalenga ukingo wa kulia. Nimesimama, pumzi nimeshusha, fimbo imeanza kurudi nyuma.

KRRRAAAACH.

Glavu. Mtu anabandua velkro ya glavu. Yeye mpira wake ulishaingia zamani, anajiandaa kwa shimo la 18. La 18! Mimi sijamaliza la 17! Na ile si velkro ya kawaida, ile ilitolewa kwenye hema la jeshi. Ndege wameruka. Mtu wa shimo la 4 kageuka kuangalia nani kachaniwa suruali.

Mpira ukagonga mdomo wa shimo, ukazunguka, ukanitazama, ukatoka.

Na kabla haujasimama, akaona glavu haijakaa vizuri. Akaibandua TENA. Krrraaach.

Halafu akaja, kanishika bega: "Dah kaka, ule mstari uliusoma vizuri kweli."

ULIUSOMA VIZURI KWELI.

Nikamwita mwamuzi. Mkwaju umehesabika, hakuna kurudia. Kanuni ya 1.2 inasema mchezaji awajali wenzake, asiwavuruge wakipiga, ila kufukuzwa ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, na glavu haijafika huko. Nikamuuliza, je, angepuliza tarumbeta? Hakucheka.

Bado hamjasikia baya. Aliyekuwa anaandika alama zangu ni nani? Ni yeye! Tumekaa meza ya kusaini, nimeiona ile 5 ya shimo la 17 kwa mwandiko wake. Nzuri, imenyooka, ina kofia juu. Kwenye kadi nzima hakuna tarakimu iliyoandikwa kwa upendo kama ile. Nikasaini. Nimekosa kwa mkwaju mmoja. Yeye kavuka.

Krrraaach. Bado naisikia hapa garini.

---

Banka_Kila_Siku: Pole mkuu. Ila mashimo 71 mengine nani alikuwa anabandua velkro?

Fimbo7: 😂😂 "ukanitazama, ukatoka". Huo mpira ulikuwa unakuaga.

MzeeWaRafu: Namjua huyo. Mimi kwangu ilikuwa sarafu. Anazichezea mfukoni kama mganga anayetaka kuanza kazi. Nikamwambia mzee mwenzangu, zitoe. Akazitoa, akaanza kuzihesabu.

Mleta uzi: Banka_Kila_Siku, hukuwepo. Futi nne!! Fimbo ilishaanza safari. Ungekuwa wewe ungeupiga mpaka maegesho.

Banka_Kila_Siku: Mimi wa kupiga maegesho nilivuka hatua ya kwanza mwaka juzi bila kulia garini.

DadaGriini: Jamani mwacheni, mchujo unauma. Mashindano ya kawaida ukiharibu wiki hii, wiki ijayo unacheza tena. Huku ukiharibu ni mwaka mzima. Kwenye PGA Tour, ligi kuu ya Marekani, kuanzia 2013 mpaka 2022 hata ukishinda Q-School, yaani mchujo wao, ulikuwa unapewa nafasi ya ligi ya chini tu, kadi za kukuruhusu kucheza Tour yenyewe zimerudi 2023. Na wale wa Ulaya fainali yao ni raundi sita, mashimo 108. Fikiria velkro kwa mashimo 108.

Fimbo7: Velkro yenyewe ingeisha makali.

Kedi_Mstaafu: Mleta uzi, soma habari za Joe Daley upoe. Fainali ya Q-School mwaka 2000, pale PGA West. Mpira wa futi nne hivi, UMEINGIA shimoni, ukadunda ukatoka. Akakosa kadi kwa mkwaju mmoja. Na unajua lilikuwa shimo gani? La 17. Yeye hakuwa na glavu ya kusingizia.

Mleta uzi: Sisingizii! Nilisikia kwa masikio yangu! Krrraaach!

MzeeWaRafu: La 17 tena? Hilo shimo lina jambo.

Kedi_Mstaafu: Ngoja nikuongezee. Roberto De Vicenzo, mashindano ya Masters ya 1968. Raundi ya mwisho, shimo moja kapiga 3, aliyekuwa anamwandikia kaandika 4. De Vicenzo kasaini bila kuangalia. Ukisaini alama kubwa kuliko uliyopiga inabaki hiyo hiyo, kwa hiyo 65 yake ikawa 66 na akakosa hata nafasi ya kurudiana na Bob Goalby. Shimo? La 17.

Fimbo7: Mimi nimetoka kwenye huu uzi. Kesho naanzia la 18.

DadaGriini: Kwa hiyo mleta uzi ushukuru, yako iliandikwa 5 na ulipiga 5. Angekuandikia 4 ukasaini, ungefukuzwa kabisa na jina lako lingesomwa kwa sababu hiyo.

Mleta uzi: Nishukuru?? Nimshukuru kwa mwandiko?

Pari_Tatu: Nyie mnalia na glavu. Mimi nilipangwa na mtu anayetembea njia yote ya mpira kwa miguu, anarudi, anachuchumaa, anaenda upande wa pili, anachuchumaa, anamuuliza kedi, yule mbeba begi wake, anachuchumaa. Saa moja tumecheza mashimo matatu. Mwamuzi katuwekea saa kundi ZIMA. Mimi nakimbia na begi kama nimeiba, yeye anachuchumaa.

MzeeWaRafu: Wachuchumaaji ndio wabaya kuliko wote. Yule wa sarafu angalau alikuwa na mwendo.

Banka_Kila_Siku: Na wale wa kutafuta mpira? Kanuni tangu 2019 ni dakika tatu. Kuna mmoja dakika zake tatu zinaanza akishafika kichakani, akishakunywa maji, akishasimulia mpira ulivyoondoka.

Pari_Tatu: Akiupata unakuwa umesimama vizuri juu ya majani kama yai.

Banka_Kila_Siku: 😂 Kila mara! Mpira uliopotelea kichakani unakutwa umekaa kwenye zulia.

Mleta uzi: Jamani tumsemeni yule wa glavu kwanza.

Kedi_Mstaafu: Sisi makedi je, nani anatusemea? Mchezaji akipiga vizuri, "nimepiga". Akizamisha majini, "tumezamisha".

Fimbo7: Mkuu, makedi na nyie mna dhambi zenu. Ian Woosnam, The Open ya 2001, kaanza kwa berdi, mkwaju mmoja chini ya pari, shimo la kwanza, anafika la pili kedi anamwambia begi lina fimbo 15. Mwisho ni 14. Mikwaju miwili ya adhabu ikaenda hivi hivi.

Kedi_Mstaafu: Ni kedi mmoja katika historia nzima mnamtaja kila siku! Fimbo anazitumia nani? Macho yake hayajui kuhesabu?

DadaGriini: Kuhesabu fimbo ni kazi ya mchezaji, adhabu inamwangukia yeye. Ila begi umelibeba wewe mpaka pale, uzito wa dereva, ile fimbo kubwa, nzima ya ziada hukuusikia?

Kedi_Mstaafu: Dada, begi lina mwavuli, maji, mipira, nguo za mvua na ndizi mbili za bwana mkubwa. Nisikie uzito wa nini?

Pari_Tatu: Halafu hilo lilikuwa shimo la pili. Mambo ya la 17 yameishia hapo.

MzeeWaRafu: Mchujo wangu wa kwanza mimi nilikutwa na fimbo 16. Mbili zilikuwa za mtoto wangu.

Fimbo7: KUMI NA SITA? Mzee fungua uzi wako.

Mleta uzi: Nimewasha gari. Nimeona anatoka na begi lake. Kanipungia mkono, glavu bado kaivaa.

Kedi_Mstaafu: MzeeWaRafu, na kedi wako alisemaje kuhusu hizo za mtoto?